Siku Tatu Kutafuta Transfoma ya Namba Saba

Mmeniuliza kanisani, mmeniuliza sokoni, na wengine mmenipigia simu mkijifanya mnanijulia hali. Nimeshasimulia mara nne, na kila nikisimulia hasira zinanipanda upya, ilhali daktari aliniambia nichunge presha. Basi nimekaa nikaandika. Someni, mpitishiane, na asiniulize mtu tena nilienda Bungoma kufanya nini.

Kwa wale mlioolewa mbali au mliohamia mjini, mambo yalivyo ni haya. Kijiji chetu cha Namba Saba kina nguzo za stima, kina nyaya, na kila nyumba ina mita ukutani ambayo haijawahi kuwaka hata taa yake ndogo nyekundu. Miaka mitatu iliyopita mkubwa mmoja alikuja na magari mengi, akakata utepe, akatwambia giza limekwisha. Transfoma ilipandishwa kwenye nguzo mbele ya macho yetu. Wiki moja baadaye wakaja mafundi wa ovaroli, wakasema ina hitilafu, inaenda kupimwa. Tuliwashikia kamba wakiishusha. Mama Sifuna, makamu wangu kwenye kikundi, aliwapikia chai. Hatujaiona tena.

Mimi ndiye mwenyekiti wa kikundi cha wanawake wa maziwa. Maziwa ya asubuhi huchukuliwa na gari. Ya jioni hayana pa kwenda, na kukicha mnunuzi hunusa kifuniko cha mkebe, hutikisa kichwa, akaondoka. Idara ya mifugo ilitupa tangi la kupozea maziwa, kubwa, linang'aa, kwa sababu kwenye karatasi zao tuna stima. Limekaa bandani mwangu tangu wakati huo, tunalifunika kwa shuka lisiingie vumbi. Mwezi huu ikaja barua: Ijumaa afisa atakuja kukagua, na tangi likikutwa halifanyi kazi, litahamishiwa kikundi kingine. Barua ilinifikia Jumatatu jioni.

Kumbe nilikuwa na siku tatu za kupata stima iliyoshindikana miaka mitatu. Nikajaza maziwa ya jioni kwenye kibuyu cha plastiki cha lita tano, nikakaza kifuniko, nikasema safari hii watanusa wenyewe, halafu waniambie la kusema.

Nyumbani hadi Kitale

Jumanne saa moja asubuhi nilipanda bodaboda ya Kevo. Hatukufika hata Kiminini. Barabara ilikuwa imefungwa, na trekta la kuchimba limesimama katikati huku mtaro mrefu ukifuata ukingo wa barabara hadi macho yanapoishia. Kando yake palikuwa na magurudumu makubwa ya mbao yaliyoviringishiwa waya wa rangi ya chungwa. Trekta lilikuwa limekata bomba la maji ya kijiji jirani, na wanawake wa huko walikuwa wamelizunguka na mitungi yao, wamekataa lisogee mpaka bomba lirudishwe. Nilikuwa na haraka, lakini moyoni niliwapongeza.

Tulikaa hapo kwa muda wa karibu saa mbili. Nilimuuliza kijana mmoja wa kuchimba kitu hicho ni nini.

"Ni faiba, mathe. Mtandao ya serikali. Hii spidi yake si mchezo."

"Inakuja kwetu?"

"Hapana. Hapa inapita tu. Inaenda maofisini."

"Ipite shambani kwangu isiniachie kitu?"

Akacheka. "Si hata stima inawapitanga? Mnaizoea, mathe."

Kevo alinishika mkono kwa sababu aliona nimeanza kumsogelea. Yule kijana hakuwa na kosa, analipwa kuchimba. Lakini neno lake lile la "inapita tu" nililirudia njia nzima mpaka Kitale.

Ofisini Kitale kulikuwa na foleni, na ukutani palikuwa na televisheni kubwa inayoonyesha mama mmoja akiwasha taa jikoni kwake huku watoto wakipiga makofi. Picha hiyo ilirudiwa mara nyingi hata nikajua mtoto yupi anaanza kupiga makofi. Zamu yangu ilipofika, msichana wa dirishani aliandika jina la kijiji kwenye kompyuta.

"Cucu, lakini nyinyi mko na stima."

"Mimi si nyanya yako. Na stima hatuna."

"Sistimu inasema mko nayo. Ona hapa, imeandikwa imekamilika."

"Njoo kwangu uwashe taa tuone kama sistimu itakusaidia."

Watu kwenye foleni wakaguna. Msichana akapunguza sauti. Akaniambia kwa upole kabisa kwamba hata kama kuna shida, laini yetu haitoki Kitale, inatoka upande wa Kimilili, kwa hivyo niende huko. Nikamwonyesha kibuyu changu. Akaniuliza kama nauza. Nilikichukua, nikatoka.

Kimilili, kwa pikapu ya vitunguu

Nilipata lifti kwa mfanyabiashara wa vitunguu anayeitwa Masinde, mtu mnene mwenye sauti ya kuhubiri. Kiti cha mbele kilikuwa changu na kibuyu. Kabla hatujafika Kamukuywa gurudumu la nyuma likapasuka, na gurudumu la akiba lilikuwa nalo halina upepo. Tukakaa kando ya barabara tukisubiri fundi aje na pampu. Masinde akanunua mahindi ya kuchoma, akanipa moja.

"Lakini mama, serikali imejaribu," akasema akitafuna. "Si unaona hizi nguzo zote? Zamani kulikuwa nini? Ilikuwa giza tu bana."

"Kwangu bado ni giza."

"Hiyo ni shida kidogo kidogo. Maendeleo inakujaga polepole. Wewe shukuru nguzo kwanza."

Nilimwambia nguzo haikamuliwi, na wala hainywewi chai. Nilimwambia shule yetu ililetewa tableti za watoto, mwalimu mkuu akazifungia kwenye kabati la chuma kwa sababu hakuna pa kuzichaji, na kufuli la kabati hilo ndicho kitu pekee cha mradi kinachofanya kazi. Akaniuliza kwangu ni wapi hasa, nikamwambia baba yangu alitoka Nyeri akanunua ekari kule Namba Saba kabla sijazaliwa. Akasema, "Aa, nyinyi watu wa Central mnapenda kulalamika." Nilitamani kumrudishia mahindi yake, ila nilikuwa nimeshayamaliza.

Lakini nisimwonee. Tulipoingia Kimilili alinipeleka hadi mlangoni mwa ofisi, hakuniacha stendi, na aliposhuka kunifungulia mlango alisema, "Mama, usitoke hapo bila kuandikiwa kitu. Hawa ukitoka na maneno ya mdomo, umetoka mkono mtupu." Huo ulikuwa ushauri wa maana kuliko wote niliopewa katika safari hiyo, na kama mtakavyoona, ndio ulionimaliza.

Ofisini nilimkuta mzee mmoja anakula chapati na maharagwe juu ya meza yenye mafaili. Alinikaribisha vizuri, akanipa kiti, akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akafuta mikono, akaniita mama kwa Kibukusu.

"Mayi, hii kazi si yetu. Hii ilikuwa mradi ya taifa. Kontrakta alitoka Nairobi, sisi hata hatukuonyeshwa. Mafaili iko Bungoma kwa injinia."

"Laini si inatoka kwenu?"

"Laini ni yetu. Transfoma ni ya mradi. Na stima, sasa hiyo..." Akafikiri. "Hiyo ni ya mwenye anatumia."

"Hakuna anayetumia!"

"Basi, mayi, si hiyo ndiyo shida."

Nilimwomba aniandikie hivyo. Akasema muhuri uko kwa mkubwa wake, na mkubwa wake yuko semina.

Nililala kwa Rose Nafula, tuliyesoma naye darasa moja. Rose alinipikia kamaleya, yale machipukizi ya mwanzi yanayoletwa kutoka Mlima Elgon, yamekaushwa kwa moshi halafu yakapikwa na karanga. Miaka yote nimeishi jirani na Wabukusu sikuwahi kuyala. Nilidhani ni uyoga, nikamsifu kwa uyoga mtamu, naye akacheka mpaka akashika ubavu. Nilikula sahani mbili.

Kwa Rose kuna stima na kuna faiba. Mwanawe alikuwa sebuleni anaongea na mtu wa Ujerumani kwenye kompyuta, picha imetulia tuli, na hajui hata kwamba hilo ni jambo. Rose alipiga pasi nguo yangu ya kesho bila kuwaza. Nilimwonea wivu, sitaficha, na alipotaka kuweka maziwa yangu kwenye friji nilimkatalia kwa ukali ambao hakustahili.

"Ukiyapoza utaniharibia ushahidi."

"Wambui, yameshaanza kunuka."

"Ndiyo nataka yanuke."

Kimilili hadi Bungoma

Jumatano nilipitia Chwele nikafika Bungoma saa tatu. Nilikuwa nimevaa ile nguo iliyopigwa pasi, kichwani kitambaa cha kanisani, mkononi kibuyu. Askari wa getini alinitazama mara moja tu.

"Mama, maziwa unapereka kwa mrango ya nyuma. Kantini iko huko."

"Sijaleta maziwa kuuza. Nimekuja kumwona injinia."

"Injinia hanunuangi mwenyewe. Ongea na mama wa kantini."

Nilizunguka hadi kantini kwa sababu ndiyo njia pekee aliyonipa. Mama wa kantini akafungua kifuniko, akarudi nyuma hatua mbili, akasema hiyo ni mala tayari, maziwa ya mgando, na kama ningempa bei nzuri angechukua yote. Nilimweleza habari yangu. Yeye ndiye aliyenipitisha jikoni, tukakanyaga maji ya kuoshea vyombo, tukatokea ukumbi wa wateja. Hivyo ndivyo nilivyoingia ofisi ya serikali yangu mwenyewe, kupitia kwenye masufuria.

Ndani palikuwa na bango: huduma zote sasa ni mtandaoni, hakuna haja ya kupanga foleni. Chini ya bango hilo tulikuwa watu kama arobaini. Mtandao ulikuwa umepotea tangu asubuhi. Jamaa aliyekaa kando yangu alisema mtu alikata waya wa faiba huko Kanduyi akichimba mtaro wa kuweka waya mwingine wa faiba. Sijui kama ni kweli. Nilicheka peke yangu kama mwendawazimu.

Tulisubiri hadi saa saba. Tulisubiri hadi saa tisa. Mama mmoja alifungua viazi vitamu alivyobeba akatugawia, na mzee mwingine akaanza kunieleza kwamba yeye ana stima ila mita yake inasoma matumizi ya posho mill, mashine ya kusaga unga, ya jirani, na kila akija anaambiwa sistimu haikosei. Nilimwambia yangu inasema nina stima. Tukatazamana. Sote wawili tulikuwa na nywele nyeupe, tumelea watoto, tumelima, na kuna kompyuta mahali inayojua maisha yetu kuliko sisi.

Saa kumi kasoro mama mmoja msimamizi akatoka kutwambia turudi kesho. Nilisimama mlangoni nikamzuia. Sikupiga kelele. Nilimwambia kesho ni Alhamisi, keshokutwa tangi linaondoka, na wanawake thelathini wananitegemea. Akaangalia kibuyu, akaangalia viatu vyangu vilivyolowa maji ya jikoni.

"Mama, injinia kesho hayuko hapa. Yuko Mabanga, kwa mafunzo ya wakulima. Uende umpate huko kabla ya chakula. Lakini usiseme ni mimi nilikwambia."

Kwa hivyo sijasema jina lake, na sitasema.

Mabanga

Mafunzo yalikuwa kwenye kituo cha wakulima, ukumbi umejaa, kuna mashine inayomulika picha ukutani. Mada ilikuwa namna mfugaji atakavyouza maziwa kwa simu. Kijana mwenye tai alikuwa anaeleza kwamba ukishapoza maziwa yako, unabonyeza hapa, mnunuzi anaona kiwango cha baridi papo hapo. Nilivumilia hadi hapo kwenye "ukishapoza". Nikasimama, nikatembea mpaka mbele, nikaweka kibuyu mezani, nikafungua.

Siku tatu, jua la Kitale, pikapu ya vitunguu. Watu wa mstari wa kwanza walifunika pua.

"Haya ni ya Jumatatu," nikasema. "Nionyeshe pa kubonyeza."

Wengine walipiga makofi, wengine walisema nitolewe. Aliyenitoa alikuwa Injinia Barasa mwenyewe. Nilitarajia mtu wa kitambi na dharau, nikamkuta kijana mwembamba, umri wa binti yangu Njeri, macho mekundu kwa uchovu. Alibeba kibuyu changu kwa mkono wake, akanipeleka nje kwenye benchi, akaagiza tuletewe chakula. Walileta ugali wa wimbi, kuku na mrenda. Nilikuwa nimeapa sitakula chao. Nilikula.

Nikamweleza yote. Alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akafungua tableti yake.

"Mama, sikatai maneno yako. Lakini mimi naletewa faili. Kontrakta hawezi kulipwa na mradi kufungwa bila wananchi kukubali wamepokea stima. Na nyinyi mlikubali. Mlitia sahihi."

"Nani alitia sahihi?"

Akanigeuzia tableti.

Nataka msome hapa polepole, kwa sababu hapa ndipo hasira yangu ilipokosa pa kwenda. Ilikuwa karatasi ya siku ya uzinduzi. Mnaikumbuka, wale mliokuwepo. Ile ya mahudhurio, iliyozungushwa kabla ya soda na mkate. Juu yake, kwa Kiingereza cha herufi ndogo, ilisema sisi wakazi wa Namba Saba tumeunganishiwa umeme, umejaribiwa mbele yetu, tumeridhika. Chini yake majina. Namba moja, kwa mwandiko wangu mzuri wa shule, Grace Wambui, mwenyekiti.

Hakuna aliyetulazimisha. Mimi ndiye niliyeshika ile karatasi. Mimi ndiye niliyepita viti kwa viti nikiwagombeza waliochelewa kuandika, nikisema wageni wasituone hatujui kushukuru. Tumeandika karatasi za mahudhurio maisha yetu yote, kwenye baraza, kwenye matanga, kwenye semina za mbolea, na hakuna siku hata moja tuliyosoma sehemu ya juu. Unatafuta namba yako, unaandika, unapokea soda.

Injinia alinimiminia maji. Nilikuwa nikipitisha kidole kwenye majina nikiona aibu tu, na ndipo nikaona namba mbili.

"Huyu namba mbili," nikasema, "James Njoroge. Ni mume wangu."

"Naye alipokea?"

"Alikufa miaka mitatu kabla ya uzinduzi."

Injinia akaacha kutafuna.

Nyinyi mnajua sababu. Kwetu orodha huandikwa kwa boma, na boma ni la mwenyewe hata akiwa amezikwa. Mjane haandiki jina lake pekee, huandika na la mumewe, la sivyo ni kama umemfuta mbele ya watu. Mkate wa Njoroge niliubeba nyumbani siku ile, nikala na watoto. Nikaendelea kushusha kidole. Namba tisa, amekufa. Namba kumi na nne, baba yake Sifuna, amekufa. Namba ishirini na mbili alikufa mwaka uleule wa Njoroge. Nilimhesabia maiti saba, na kila mmoja ametia sahihi kwamba stima imejaribiwa mbele yake na ameridhika.

"Lakini nani aliweka hizi sahihi?" akauliza.

"Yangu na ya mume wangu niliweka mimi. Hizi nyingine waliweka wajane, na mimi ndiye niliwaambia waweke."

Akashusha sauti. "Mama, marehemu hawezi kupokea stima. Hii karatasi ikionekana hivi, inaanguka, faili inafunguliwa upya. Lakini mpaka mtu aandike. Na mwenye ataandika, anajitaja kwa kosa. Chifu anaweza kukuita. Hata polisi. Umenielewa?"

"Leta karatasi."

Niliandika kurasa mbili, kwa Kiswahili, na safari hii nilisoma kila mstari kabla ya kuweka sahihi. Wajane wengine sikuwataja, nilisema ni mimi. Nikakumbuka ushauri wa Masinde, nikamwambia Injinia siondoki bila yeye kuniandikia. Akaniandikia barua, akapiga muhuri aliokuwa nao mkobani: kwamba amethibitisha kijiji cha Namba Saba hakina umeme, kwamba transfoma haipo, na kwamba hati ya kupokea ni batili. Alinipa mkono. Akasema kupata transfoma mpya kunaweza kuchukua muda, ila sasa angalau tumeonekana.

Kibuyu nilimwachia. Nilimwambia akiweke ofisini kwake.

Kurudi

Safari ya kurudi sina la kuwaambia, kwa sababu sikuona barabara. Nilikuwa na barua ndani ya Biblia na Biblia kifuani. Nilikuwa bado nina hasira na yule mkubwa wa utepe, na mafundi waliokuja kushusha transfoma huku wakinywa chai yetu, na mimi mwenyewe. Lakini kwa mara ya kwanza baada ya miaka mitatu nilikuwa na karatasi inayosema ukweli, na niliimba, kwa sauti, kwenye gari la watu.

Ijumaa saa nne asubuhi lori lilisimama nje ya banda. Afisa wa mifugo, Bwana Rotich, alishuka na faili lake. Wanawake wote walikuwa wamefika, wengine wamevaa leso za kikundi. Sikumpa nafasi hata ya kusalimia. Nilifungua Biblia, nikamkabidhi barua mbele ya wote, nikasema, "Soma mwenyewe. Kosa halikuwa letu. Hatukuwahi kuwa na stima."

Akasoma kwa sauti. Akaisoma tena. Alipoinua uso hakuwa na hasira wala furaha.

"Mama Njeri, hii barua umetoa wapi?"

"Bungoma. Ina muhuri."

"Naona muhuri." Alikunja barua taratibu. "Mimi nilikuwa nimekuja kuwaongezea miezi sita, hii lori ni ya vikundi vingine. Kwa sistimu yetu mlikuwa na stima, kwa hivyo niliandika shida ni waya tu ya hapa ndani ya banda. Hiyo ningewavumilia. Lakini sheria ya hii tangi inasema haiwezi kukaa mahali hakuna stima. Na sasa umenipatia barua ya injinia. Mimi siwezi kuiona halafu niseme sijaiona."

Nilimwambia airudishe. Nilinyoosha mkono kabisa, mbele ya wenzangu, nikamwambia airudishe na asahau. Alitikisa kichwa. Alikuwa ameshaisoma kwa sauti, dereva alikuwa amesikia, na wanawake thelathini walikuwa mashahidi.

Walilipakia kwa mbao na kamba. Ni zito, kwa hivyo ilibidi tuwasaidie kusukuma. Ile shuka ya kulifunika waliiacha sakafuni. Nimeandika mengi humu kwa hasira na sifuti hata moja: wale waliotupa stima kwa karatasi ndio waliotunyang'anya tangi kwa karatasi, na walioumia katikati ni watu wasio na chochote ila maziwa. Mpaka leo transfoma haijaja. Chifu ameniita mara mbili, sijaenda.

Lori lilipopinda kona Mama Sifuna alikuja akasimama kando yangu. Hakulia, na wala hakunilaumu.

"Kwa hivyo ungenyamaza," akaniuliza, "tungebaki nalo?"

Nikamwambia ndiyo. Akasimama kidogo akiliangalia vumbi la barabara, kisha akachukua ndoo yake akaenda kukamua.